Urithi wa uvimbe sugu wa utumbo: Crescent Town, Toronto

Crescent Town ni mtaa wa maghorofa mashariki mwa Toronto, Kanada, uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 palipokuwa shamba la ng'ombe wa maziwa la ukoo wa Massey. Wakazi wengi ni wahamiaji, hasa kutoka Bangladesh. Mtaa wa namna hii ndio mahali pa kuulizia ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda, yaani maradhi ya uvimbe sugu wa utumbo, yametoka wapi: kwenye damu au kwenye makazi?

Kwamba maradhi haya hufuata ukoo, hakuna ubishi. Jeni ya kwanza kuhusishwa na Crohn, NOD2 ya kromosomu ya 16, ilitambuliwa mwaka 2001. Huzisaidia seli za kinga kugundua mabaki ya kuta za bakteria. Ikiwa na kasoro, utumbo hushindwa kuwadhibiti bakteria unaoishi nao siku zote. Jeni ya IL23R ikafuata mwaka 2006, na sasa sehemu zaidi ya 200 za jenomu zimeorodheshwa, nyingi zikiongeza hatari kwa kiasi kidogo mno. Hata pacha wa kufanana hawaugui pamoja kila mara, hasa katika kolaitisi. Tena kasoro mashuhuri za NOD2 ni za watu wenye asili ya Ulaya. Kwa Waafrika na watu wa Asia ya Mashariki ni adimu. Anayezitafuta hizo tu asidhani amewapima wote.

Utafiti wa jimbo la Ontario uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kuwa wahamiaji huugua kwa nadra zaidi kuliko wenyeji, lakini aliyefika akiwa mdogo yuko hatarini zaidi. Watoto waliozaliwa Kanada na wazazi wa Asia ya Kusini walikaribiana na watoto wa wenyeji. Jeni hazibadiliki kwa kizazi kimoja. Vinavyoshukiwa ni chakula, antibiotiki na bakteria wa tumboni. Ndiyo maana mradi wa GEM, unaoongozwa kutoka hospitali ya Mount Sinai mjini Toronto, umekuwa ukifuatilia tangu 2008 ndugu wa wagonjwa wa Crohn wakiwa bado wazima.

Watoto wachanga ni habari nyingine. Mwaka 2009 ilibainika kuwa kasoro katika kipokezi cha IL-10, kemikali ya mwili inayotuliza uvimbe, inatosha peke yake kuleta ugonjwa mkali katika miezi ya mwanzo ya maisha, na baadhi ya watoto hao wamepona kwa kupandikizwa uboho.