Nyumba za Mungu za Goma, na Mukombozi wa kwetu asiye na nyumba



Mtu aliyesoma Goma anajua: siku ya Mungu asubuhi huwezi kulala. Toka Himbi mpaka Majengo ni ngoma, gitari, kengele na maikro. Lakini wengi wetu tunazaliwa ndani ya kanisa moja, tunaoa humo, tunazikwa humo, na mlango wa jirani hatuujui. Mwaka 2024, wakati vita vilikuwa kwa barabara ya Sake na watu wa Masisi wamejaa ndani ya makambi ya Bulengo na Lushagala, sisi watatu, watoto wa Masisi na Walikale, tuliamua kupita ndani ya nyumba za sala za mji, siku za Mungu ine na Ijumaa moja. Hatukuwa tunatafuta kubadili dini. Mimi nilisoma historia, na ulizo langu lilikuwa moja tu: ndani ya kuta hizi zote, historia ya kwetu iko wapi?

Tulianza na Wakatoliki, maana ndio wenye nyumba kubwa. Jimbo la Goma liliundwa tarehe 30 Juni 1960, siku ile ile Kongo ilipata uhuru, likikatwa toka Bukavu. Askofu wa kwanza alikuwa Joseph Busimba. Kuhusu katedrale ya Mtakatifu Yosefu, kila mzee wa Goma atakuambia kitu kimoja: Januari 17, 2002. Nyiragongo ilitapika, moto ukashuka mpaka katikati ya mji, na katedrale ikaenda nao. Watu wa Goma hawaogopi kujenga juu ya jiwe lililokuwa moto, na mimi hiyo inanishangaza kuliko mahubiri yoyote.

Lakini kwa mtoto wa Masisi, nyumba ya Kikatoliki yenye kusema zaidi si katedrale. Iko upande wa Keshero, kwa watawa wa Mokoto. Mokoto yenyewe iko kwetu Masisi, kando ya yale maziwa mazuri. Watrapisti toka Ubelgiji walifungua monasteri pale katika miaka ya 1950, wakalima, wakafuga, wakasali kwa kimya kama desturi yao. Machi 20, 1993, mauaji yalianza kwenye soko ya Ntoto, Walikale, na moto ukaruka Masisi yote. Kwa miaka iliyofuata watu walikuwa wanakimbilia kila mahali penye msalaba. Mwezi wa tano 1996 wengi walikuwa wamejificha Mokoto, hasa Watutsi, wakifikiri ukuta wa watawa utawalinda. Tarehe 12 wanamgambo waliingia na kuwaua watu wengi ndani ya nyumba ya Mungu. Watawa wakakimbia, na baadaye wakajipanga Keshero. Mmoja wetu, ambaye familia yake ni ya upande ule, alikaa kwa benchi la nyuma na hakutaka kuimba. Hatukumuuliza.

Kwa Waprotestanti nitapita haraka, si kwa zarau, ila ndiko mimi nilikolelewa na mnajua sana kuliko mimi. Wabaptisti wa Marekani walianzia upande wa Lubero mwishoni mwa miaka ya 1920, na toka mizizi ile ikazaliwa CBCA yenye makao yake Goma. Wapentekoste wa Swideni na wa Norvege walianzia Kivu ya Kusini toka 1921 na 1922, nao wakazaa CEPAC na CELPA. Ile namba mnayoona kwa mabango, 3e, 5e, 8e, si mapambo: ni namba za jumuiya ndani ya ECC. Mobutu alipotoa sheria ya Desemba 31, 1971 juu ya dini, makanisa yaliyotambuliwa yalikuwa matatu tu: Katoliki, umoja wa Waprotestanti, na Wakimbangu. Asiyeingia ndani ya mojawapo hakuwa na ruhusa. Shikeni sheria hiyo, nitairudilia.

Ijumaa tulienda kwa musikiti moja ya upande wa Birere. Tulivua viatu, tukakaa nyuma, na mwalimu mmoja akatupokea vizuri kabisa. Akatuuliza: "Batoto yangu, mnasema luga gani kwenu?" Tukajibu, Kiswahili. Akacheka: "Basi, mlishakuwa ndani ya nyumba hii mbele ya kuzaliwa." Ni mzaha, lakini ni historia. Kiswahili hakikuletwa Kongo na mapadri. Kilikuja na misafara ya pembe na ya watumwa toka Pwani na Zanzibar, kikashika mizizi Kasongo na Nyangwe katika Maniema, wakati wa Tippu Tip. Ndiyo maana Wazungu walikiita Kingwana, luga ya waungwana. Vita vya 1892 mpaka 1894 viliondoa utawala wa wale wakubwa, lakini luga yao ilibaki, na wamisionari wakaiokota kwa kuhubiri. Kwa hiyo pasta wetu akisema "roho" na "dhambi" anakopa kwa musikiti. Tusisahau pia kwamba misafara ile ile ilifunga watu wa misitu yetu kamba shingoni. Mwalimu alilisema hilo yeye mwenyewe, bila sisi kuuliza.

Mwisho tulienda kwa Wakimbangu. Kijani na nyeupe, fanfari, viatu nje, wamama wamefunika vichwa. Simon Kimbangu alihubiri Nkamba toka Aprili 1921, akakamatwa Septemba ya mwaka ule, na mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo. Mfalme wa Ubelgiji akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alikaa miaka 30 gerezani Elisabethville mpaka akafa Oktoba 12, 1951. Kanisa lake lilitambuliwa Desemba 1959, na toka 2023 tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko Kongo muzima. Hata sisi wa Walikale tunapumzika kwa ajili ya nabii wa Kongo-Kati.

Hapo ndipo mimi nilianza kuumwa roho. Maana na sisi tulikuwa na wetu.

Aliitwa Bushiri Lungundu, Mkumu. Wafuasi walimwita Mukombozi. Alihubiri Kitawala, dini iliyotoka mbali: mafundisho ya Watch Tower ya Marekani yalifika Nyasaland mwanzoni mwa karne ya 20, yakapanda Rodezia, yakaingia Katanga katika miaka ya 1920, na njiani yakabadilika kuwa kitu cha Waafrika wenyewe. Sikieni lile jina: "tower" limepita kwa kinywa cha watu wetu, likatoka na neno "kutawala" ndani yake. Mkoloni alielewa vizuri sana. Aliifukuza, aliwafunga wafuasi wake, wengine akawapeleka uhamishoni Kasaji, kule Katanga.

Bushiri alisimama mwanzoni mwa 1944, kati ya Masisi na Lubutu. Teritware ya Masisi ya wakati ule ilikuwa inashika hata Walikale ya leo, kwa hiyo ni mambo ya kwetu sote wawili. Ili kumwelewa lazima uone vita vya dunia toka kijijini. Japani ilikuwa imechukua Malaya, mpira ukakosa kwa Waingereza na Waamerika, basi Ubelgiji ikarudisha watu wa Kongo porini kutafuta mpira wa mwitu, ile kazi yenye watu wa zamani walijua uchungu wake tangu Leopold. Siku za kazi ya lazima zilipandishwa toka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Ongeza kodi, ongeza machimbo ya zahabu na ya kasiterite yanayochukua vijana. Mtu akija na kusema utawala huu utaisha, nani hatamsikiliza? Uasi ukawaka, Force Publique ikatumwa, ukazimwa ndani ya miezi michache. Watu waliuawa. Bushiri akakamatwa na kufia gerezani.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Mwendo wake ulikuwa na ukali pia juu ya Waafrika wenzake, hasa waliohesabiwa kuwa walozi. Lakini Kimbangu ana siku kuu, ana hekalu Nkamba, ana fanfari Goma. Bushiri hana hata jina la barabara tuliloona. Uhuru ulipokuja haukumsaidia: ile sheria ya 1971 haikuwa na nafasi ya Kitawala. Ndani ya ziara yetu yote hatukukuta bango hata moja lenye neno hilo, na tulipouliza, watu walishusha sauti kana kwamba askari wa mkoloni yuko bado kwa mlango.

Utafiti mkubwa juu ya uasi ule uliandikwa na Mbelgiji, Maurice Lovens, ukachapishwa Bruseli mwaka 1974, kwa Kifaransa. Nilipomaliza masomo yangu, hakuna profesa aliyewahi kututajia jina la Bushiri.

Machi 2025 vita vilifika mpaka Walikale-centre. Wazee waliosikia habari hizi kwa baba zao wako sasa porini, Kisangani, ao wameshakufa. Mmoja nilimpata Goma mbele ya hapo, Mkumu, mkristo mzuri wa kanisa lenye namba. Nikamwambia: "Papa, nieleze juu ya Mukombozi." Alifunga mlango kwanza. Kisha akaanza na vikapu vya mpira: vilipimwa namna gani, na nani alikuwa anashika mizani.