Nguzo Zilizosimama Kichwa Chini

Mwaka jana nilipata kibali cha kutoka hapa kambini, Kigoma, niende semina ya walimu Unguja. Siku ya mwisho walitupeleka Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana.

Kanisa lile lilijengwa palipokuwa soko la watumwa. Sultani Barghash alipiga marufuku soko hilo Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe, limezungushiwa nyekundu. Hapo, walituambia, ndipo watu walipofungwa na kuchapwa viboko. Nilishindwa kupakanyaga.

Pembeni kuna msalaba wa mbao za mti wa Chitambo, huko Zambia, ulipozikwa moyo wa Livingstone. Huyo mzee mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, Manyema, akaona kwa macho yake watu wakipigwa risasi sokoni. Nyangwe! Si mbali na Kasongo, kwao nyanya yangu. Watumwa wa kule walivushwa Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, halafu kwa miguu mpaka pwani. Sisi nasi mwaka 1996 tulivuka ziwa hilohilo, usiku.

Basi nikaanza kutafuta majina. Livingstone yupo. Steere yupo, kazikwa nyuma ya altare. Mabaharia Waingereza waliokufa wakizuia majahazi ya watumwa wanakumbukwa kwenye vioo vya rangi. Mtu wa Manyema sikumwona hata mmoja.

Karibu na mlango kuna nguzo fupi za mawe, zimesimama kichwa chini, miguu juu. Inasimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini, mafundi wakaziweka hivyo, aliporudi akaziacha. Wenzangu walicheka. Mimi nilizipapasa. Katika jengo zima, hiyo ndiyo alama pekee niliyoiona ya mikono ya waliojenga.

Hapa kambini makanisa na misikiti tumejenga kwa matofali ya udongo tuliyofyatua wenyewe. Wafadhili waliotupa mabati, majina yao yako mlangoni, na wanastahili. Je, aliyekanyaga udongo? Aliyebeba maji?

Nimechukua daftari, nimeanza kuwauliza wazee wa kanisa letu. Hadi leo nina majina 31. Kama ulikuwepo, njoo unitajie lako.