Majina ya Wenye Vocha

Leo hatusemi habari za nafasi ya kupandia wala za viwavi. Tuzungumze juu ya karatasi moja: orodha ya majina ya wanaopewa ruzuku ya pembejeo.

Wazee mnakumbuka. Miaka ya 1970 na 1980 mbolea ilikuwa na ruzuku ya Serikali, na orodha haikuhitajika, maana bei ilipunguzwa kwa kila mnunuzi. Aliyefika ghalani na fedha alichukua, na mwenye shamba kubwa, bila shaka, alichukua zaidi. Ruzuku ile ikapunguzwa kidogo kidogo, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imekwisha. Mwaka 2003/04 ikarudi kwa mlango mwingine: Serikali ikachangia gharama za kusafirisha mbolea. Fedha zilipita kwa wafanyabiashara, naye mkulima hakuwa na njia ya kujua ni kiasi gani kimemfikia.

Ndipo msimu wa 2008/09 zikaja vocha. Kaya ilipewa tatu: ya mbolea ya kupandia, ya mbolea ya kukuzia, na ya mbegu bora za mahindi au mpunga, za kutosha eka moja hivi. Vocha ililipa karibu nusu ya bei, nusu nyingine mkulima akatoa mfukoni mwake. Mpango ulikwenda mpaka 2013/14, na kaya zaidi ya milioni 2 zilipata.

Lakini vocha hazikutosha watu wote. Ilibidi kuchagua, na hapo ndipo penye maneno. Utaratibu ulisema mkutano mkuu wa kijiji uchague kamati ya vocha, wanawake watatu na wanaume watatu. Kamati itafute wakulima wasiolima zaidi ya hekta moja ya mahindi au mpunga, na kaya zinazoongozwa na wanawake zitangulie. Kisha majina yarudi mbele ya wanakijiji. Kwa nini yarudi? Kwa sababu mtu wa wilayani hawezi kujua nani ana eka nyingine tatu bondeni kwa jina la mkwewe. Jirani anajua.

Basi ilikuwaje? Watafiti wawili, Lei Pan na Luc Christiaensen, walichunguza vocha za mwaka 2008 mkoani Kilimanjaro. Wakakuta kama asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zilipokelewa na viongozi wa vijiji waliochaguliwa. Athari ilikuwa kubwa zaidi katika vijiji vya mbali na vile vyenye tofauti kubwa kati ya tajiri na maskini. Palipokuwa na vocha nyingi, au watu wakaaminiana, maskini walifikiwa vizuri zaidi.

Tuseme kweli, kiongozi naye ni mkulima, ana mahindi yake. Tena huenda ndiye aliyekuwa na fedha ya ile nusu, wakati mjane aliyestahili hakuwa nayo. Lakini sitini katika mia, jamani!

Na yule asiye na nusu alifanya nini? Wengine waliuza vocha zao. Mtu anatia sahihi, anapewa fedha kidogo, mbolea inakwenda kwingine. Ukisoma orodha utaona jina lake limo, na ni jina la maskini kweli. Mfuko ndio haukufika. Kwa hiyo orodha ya waliochaguliwa peke yake haikutosha. Ilitakiwa isomwe mara ya pili, baada ya mavuno ya wakala, pamoja na idadi ya mifuko iliyofika nyumbani.

Tangu msimu wa 2022/23 ruzuku ya mbolea imekwenda kwa kuandikisha wakulima kijijini, na majina na ukubwa wa shamba yakaingizwa katika kompyuta. Kompyuta huandika eka inazoambiwa. Mkutano mkuu wa kijiji ukikaa, mwenyekiti akafika kwenye mengineyo, ndugu mkulima, nyosha mkono uombe daftari lisomwe: jina, eka, mifuko.