Kasuku Tulimpenda kwa Ulimi, Mdomo Wake Tukausahau



Mwezi wa Shaaban tulimuozesha mdogo wetu. Vyombo vilipopelekwa kwa bwana, nyuma ya mikeka na makasha ya nguo kilifuata kitu ambacho somo wake hakukiandika kwenye orodha: tundu la chuma, na ndani yake kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Alikuwa wa bibi yetu aliyetangulia mbele ya haki, Allah amrehemu. Bado anapiga hodi kwa sauti ya marehemu, na wallahi mara ya kwanza kumsikia sote tulilia.

Siku ya saba baada ya harusi tulipokwenda kumtazama bi harusi ndipo tulipomtazama na kasuku vizuri. Mdomo wake wa juu ulikuwa umerefuka ukapinda hadi unakaribia kugusa kifua, na unabanduka maganda maganda kama ukuta ulioingia chumvi. Tukasema ni uzee. Mmoja wetu akatoa kikata kucha kwenye mkoba wake, tayari kufanya kazi. Bi harusi akakataa katakata: mpaka aulizwe mtu anayejua.

Basi tukauliza, na katika kuuliza tukaanza kusoma. Binadamu amekaa na ndege huyu karne nyingi, kila anachosema kimehifadhiwa. Ilikuwaje anachokula hakikushughulikiwa?

Kwetu Waislamu kisa cha ndege nyumbani kinaanzia kwenye nyumba ya mwanamke ambaye kila bi harusi amelisikia jina lake kwenye mawaidha. Ummu Sulaym (r.a.) ndiye aliyeposwa na Abu Talha, na mahari aliyoyataka hayakuwa dhahabu wala ngamia, yalikuwa Abu Talha asilimu. Katika nyumba hiyo alizaliwa mtoto aliyeitwa Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik kwa mama. Mtoto alikuwa na kindege chake cha kuchezea. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiwatembelea alikuwa akimtania kwa upole kwa kumuuliza habari za kile kindege, na katika baadhi ya mapokezi tunaambiwa kilikuwa kimekufa na mtoto ana huzuni. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, Ibn al-Qas, aliandika kijitabu kizima akitoa faida zipatazo 60 ndani yake, na wanachuoni wameitolea ushahidi wa kujuzu kufuga ndege. Lakini ruhusa hiyo haikuja peke yake. Ipo na ile hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe, na sote tunajua alifikia wapi. Tukifunga mlango wa tundu, chakula kinakuwa dhamana yetu.

Huko Uajemi na India, kasuku (wao humwita tuti, na mara nyingi ni yule wa kijani) aliingia katika fasihi kwa heshima kubwa. Amir Khusrau, mshairi wa Delhi aliyefariki 1325, alipewa lakabu ya Tuti wa India kwa utamu wa maneno yake. Na utamu ndio neno lenyewe, kwa sababu katika ushairi wa Kiajemi chakula cha kasuku ni sukari. Mdomo mtamu, maneno matamu. Alifundishwa kusema kwa kuwekewa kioo, mtu akajificha nyuma yake na kusema, ndege akadhani anazungumza na mwenzake. Kwa mshairi sukari ile ilikuwa sitiari. Kwenye tundu la bibi yetu ilikuwa halua, na chai ya maziwa kwenye kisosi kila asubuhi. Hatumlaumu, alimpa alichokipenda yeye mwenyewe.

Kisa kinachotuhusu zaidi sisi wanawake ni cha Ziya al-Din Nakhshabi, aliyekitunga kwa Kiajemi huko India mwaka 1330 na kukiita Tutinama, yaani kitabu cha kasuku. Mfanyabiashara amesafiri, mkewe Khujasta amebaki na ndege wawili. Mke anataka kutoka usiku kumfuata mwanamume mwingine. Ndege wa kwanza anamkemea waziwazi, naye anamuua. Kasuku, mwerevu zaidi, hamkatazi. Kila usiku anaanza hadithi, na hadithi inakwenda mpaka kunakucha. Zinapita usiku 52 hivyo. Mfalme Akbar alikipenda akaamuru kichorwe picha, na sehemu kubwa ya nakala ile leo iko katika makumbusho ya sanaa ya Cleveland, Marekani. Tuna maneno yetu kuhusu kitabu kinachomfanya ndege kuwa mlinzi wa mke, lakini tuyaache kwa siku nyingine. Tunachouliza leo ni kidogo tu: ndege aliyesimulia usiku 52 mfululizo, nani alimtilia maji? Hadithi hii kila anayeisimulia hukumbuka ulimi wa kasuku. Mdomo hautajwi.

Ulaya nako hakukuwa tofauti. Frances Stuart, Duchess wa Richmond, alikuwa mrembo mashuhuri wa Uingereza kabla ndui haijamharibu uso. Alikaa na kasuku wa kijivu, wa aina hii hii yetu, kwa miaka ipatayo 40. Alipofariki mwaka 1702, kasuku naye akafa siku chache baadaye. Walimkausha wakamweka karibu na sanamu ya nta ya bibi yake katika kanisa la Westminster Abbey, London, na yupo mpaka leo, mmoja wa ndege wa kale zaidi waliohifadhiwa namna hiyo duniani. Alipopigwa eksirei mifupa yake ikaonekana bado imo ndani, mpaka fuvu. Tuliisoma habari hii usiku, sote tukamgeukia yule wa kwetu kwenye tundu lake. Miaka 40! Ndege huyu anaweza kumzika aliyemfuga, au akazikwa pamoja naye. Anayempokea akiwa bi harusi huenda akawa naye mpaka awaoze watoto wake.

Sasa njooni kule alikotoka. Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, na kwa upande wetu hufika Uganda mpaka pembe ya kaskazini magharibi ya Tanzania. Huko porini moja ya vyakula anavyovipenda ni chikichi. Dada zetu wa Pemba na wa Kigoma hawahitaji kuelezwa: lile tunda jekundu linalotoa mawese. Wekundu ule ni asili ya vitamini A, na nyama ya chikichi ina mafuta mengi. Analimenya kwa mdomo, anaruka mti hadi mti, anatafuna magome na vijiti, maili nyingi kwa siku. Mdomo wake umeumbwa kwa kazi hiyo. Ni mfupa uliofunikwa na kitu kile kile cha kucha zetu, na haukomi kukua; kazi ndiyo inayousaga. Ndani yake mna damu na mishipa ya fahamu, na ncha yake huhisi kama ncha ya kidole.

Ndege huyo akatolewa msituni kwa mamia ya maelfu. Kwa hesabu za biashara ya kimataifa tangu miaka ya 1970, waliosafirishwa wakiwa hai wamepita milioni 1, mbali na waliokufa mitegoni na njiani. Mchikichi haukusafiri naye. Alikofika alikuta mbegu za alizeti, kwa kuwa ni rahisi, hazivundi haraka, naye huzila kwa pupa. Alizeti ina mafuta mengi na ina upungufu wa vitamini A na wa chokaa inayojenga mifupa. Ni mpaka miaka ya 1970 na 1980 ndipo madaktari wa ndege, hasa Marekani, walipoanza kuliandika jambo hili kwa uzito na kutengeneza chakula maalumu cha punje zilizochanganywa. Walikuwa wakiona kitu kimoja mara kwa mara: kasuku aliyelelewa kwa mbegu tupu, ini limejaa mafuta, na mdomo umerefuka na kubanduka.

Daktari wa mifugo tuliyempelekea picha, kisha ndege mwenyewe, alisema maneno hayo hayo. Si uzee, ni ini. Mdomo ulikuwa ukitupigia kelele miaka yote na sisi tunasikiliza hodi. Alituambia pia kwamba kile kikata kucha kingeweza kupasua mdomo na kumwaga damu mpaka ndege afe mikononi mwetu. Aliupunguza yeye, kidogo kidogo, kwa kuusaga kwa safari tatu, na akapima damu.

Chakula tumekibadilisha polepole, kwa wiki kadhaa, maana kasuku aliyezoea mbegu anaweza kukaa na njaa kuliko kuonja kigeni, na daktari alitutaka tumpime uzito kila asubuhi kwa mizani ya jikoni. Boga la kuchemsha bila chumvi, karoti, mchicha, kiazi kitamu, vipande vya papai na embe bila kokwa. Pilipili anaila kama sisi tunavyokula zabibu, ndege hawasikii ukali wake, na bwana harusi hajaacha kushangaa. Alizeti imebaki chache, za kumtunukia. Chikichi tumeagizia Pemba. Kwa ajili ya chokaa tumemtundikia ule mfupa mweupe wa dome unaookotwa pwani, na kwa kazi ya mdomo tunampa vijiti vya mpera na kifuu cha nazi, anakisambaratisha kutwa. Parachichi, ambalo wengine hapa huliita embe mafuta, ni sumu kwake. Halikadhalika chokoleti, kahawa, chai, kitunguu, na kitu chochote chenye chumvi nyingi.

Limebaki moja, nalo ni la bi harusi hasa. Chumba cha bi harusi bila udi si chumba. Lakini kifua cha ndege si kama chetu: hewa hupita mapafuni na kuingia katika vifuko vilivyosambaa mwilini, kwa hiyo moshi unamfikia upesi na kwa wingi. Waingereza walilijua hilo kwa njia ngumu. Kuanzia mwisho wa karne ya 19 mtaalamu John Scott Haldane alishauri wachimba makaa ya mawe washuke shimoni na ndege wadogo, kwa sababu ndege angeanguka kabla mtu hajahisi hewa yenye sumu. Utaratibu huo uliendelea mpaka mwaka 1986. Hata sufuria za kisasa zisizogandisha, zikiachwa motoni tupu, hutoa mvuke unaoweza kuua kasuku aliye chumba cha pili. Mdogo wetu sasa anafukiza udi chumba cha ndani, mlango umefungwa, na tundu liko barazani upande wa upepo. Mwanzoni mama mkwe aliona ni ajabu. Siku hizi ndiye anayelitoa tundu kabla makaa hayajashika.

Na kwa mnaotaka kuanza leo, jueni kwamba tangu tarehe 2 Januari 2017 mkataba wa kimataifa wa CITES umempa kasuku wa kijivu ulinzi wa daraja la juu, na biashara ya kuwatoa porini na kuwavusha mipaka imepigwa marufuku. Akiletwa mlangoni na kijana asiye na karatasi, msimnunue hata kwa huruma, kwani huruma hiyo ndiyo itakayomfanya arudi msituni kutega mwingine. Kumpokea aliyekwisha kuwa nyumbani, ambaye mwenyewe amefariki au ameshindwa, ni jambo jingine, na kabla ya kumchukua waulizeni maofisa wa wanyamapori kuhusu kibali.

Mdomo wa kasuku wetu bado haujawa sawa. Ncha imerudi mahali pake, maganda yamepungua, na ini litapimwa tena baada ya Idi inshallah. Juzi alikataa mchicha, akatupa karoti chini, akala boga lote. Kisha akapiga hodi, na bi harusi akamjibu karibu.