Mtoto wa jicho: kwa nini haifai kusubiri "uive"

Mtoto wa jicho ndio ugonjwa unaoongoza kwa kusababisha upofu duniani. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu wapatao milioni 94 wana uoni hafifu au upofu utokanao na ugonjwa huo. Wengi wao wangeweza kuona tena baada ya upasuaji ambao kwa kawaida hauchukui hata nusu saa.

Nyuma ya mboni kuna lenzi angavu, iliyoumbwa kwa maji na protini, ambayo huielekeza miale ya mwanga kwenye retina, utando ulio ndani kabisa ya jicho. Kadiri umri unavyosonga, protini hizo hugandamana na lenzi ikafifia, mithili ya kioo cha dirisha kilichoingia ukungu. Uzee ndio sababu kuu. Kisukari, sigara, majeraha ya jicho, miale mikali ya jua na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi huweza kuuharakisha.

Jina lenyewe limewapotosha wengi, wakadhani kuna kitu kilichoota juu ya jicho kinachoweza kukwanguliwa au kuyeyushwa. Ukungu huo umo ndani ya lenzi. Hakuna dawa ya matone iliyothibitishwa kuuondoa, na majimaji ya mitishamba yanayotiwa machoni huweza kuunguza konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na kuacha kovu la kudumu.

Ugonjwa huu hauumi wala hauleti wekundu, ndiyo maana huchelewa kutambuliwa. Mgonjwa huanza kusumbuliwa na taa za magari usiku, rangi hupauka na kuelekea umanjano, na miwani hubadilishwa mara kwa mara bila nafuu. Wapo wazee ambao kwa muda huweza kusoma tena bila miwani. Jamaa hufurahi wakidhani macho yamerudi ujanani, kumbe ni lenzi inayozidi kuwa ngumu.

Kosa linalogharimu zaidi ni kungoja mpaka mboni iwe nyeupe kabisa, kwa imani kwamba mtoto wa jicho lazima "aive" ndipo atolewe. Ushauri huo ulikuwa na mantiki zamani, wakati lenzi ilipoondolewa bila kuwekwa nyingine na mgonjwa akaishia kuvaa miwani minene kama chini ya chupa. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1949, pale daktari Mwingereza Harold Ridley alipopandikiza lenzi bandia mjini London. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege za kivita vilivyonasa machoni mwa marubani havikuleta uvimbe. Leo hii mgonjwa hufanyiwa upasuaji pindi uoni unapoanza kumzuia kufanya shughuli zake. Lenzi iliyoachwa muda mrefu huweza kuvimba, ikapandisha presha ya jicho na kuua mshipa wa fahamu. Upofu wa namna hiyo hauponi tena.

Katika hospitali nyingi za ukanda huu, zikiwemo KCMC ya Moshi nchini Tanzania na Kabgayi nchini Rwanda, jicho hutiwa ganzi huku mgonjwa akiwa macho. Daktari hupasua tundu dogo, huitoa lenzi iliyofifia na kuweka ya bandia, mara nyingi bila kushona. Kwa wiki kadhaa mgonjwa hutumia dawa za matone na hapaswi kulifikicha jicho. Akipata maumivu makali au uoni ukipungua ghafla, arudi hospitali siku hiyohiyo.

Baadhi huona ukungu tena baada ya miezi au miaka, wakasema ugonjwa umerudi. Haurudi. Kilichofifia ni kifuko kinachoishikilia lenzi mpya, na hufunguliwa kwa mwanga wa leza bila kupasuliwa upya.

Watoto nao huzaliwa nao, wengine kwa kurithi, wengine kwa sababu mama aliugua rubela akiwa mjamzito. Kwao kuchelewa kuna hatari zaidi, kwani ubongo usiopokea picha katika miezi ya mwanzo hushindwa kujifunza kuona hata lenzi ikibadilishwa baadaye. Mboni nyeupe kwa mtoto mchanga huweza pia kuwa dalili ya saratani ya jicho, hivyo apelekwe hospitali mara moja.