Fimbo ya Babu

"Omera, hiyo ni hoki," kocha aliniambia asubuhi ya kwanza. Nilikuwa nimetoka Homa Bay hadi Kisumu kujifunza gofu, na mara tatu nilikuwa nimechapa hewa tu. Mpira ulibaki palepale nilipouweka.

Enyewe hakukosea. Kabla gofu haijaingia Kenya, Waluo walikuwa na adhula, mchezo wa fimbo na mpira unaofanana na hoki. Babu yangu aliucheza akichunga ng'ombe karibu na Kendu Bay, wakati Homa Bay na Migori bado ziko pamoja ndani ya Nyanza Kusini. Kwenye adhula unapiga ukikimbia, kwa nguvu za mikono. Mpira haukungoji.

Gofu ililetwa na wakoloni. Klabu ya Gofu ya Nairobi ilianzishwa 1906, na 1935 Mfalme George wa Tano akairuhusu ijiite Royal. Mwafrika aliingia huko kufanya kazi: kukata nyasi, au kuwa kedi, yaani kubeba mkoba wa fimbo za mwenyewe.

Babu alikuwa kedi. Aliporudi nyumbani alituonyesha, kwa fimbo ya kuchungia, vile wazungu walivyoshika: kidole kidogo cha mkono wa kulia kinalala juu ya mkono wa kushoto, kati ya kidole cha pili na cha tatu. Sisi watoto tulicheka tu.

Juzi ndipo nikajua mshiko huo una jina. Ulienezwa na Harry Vardon, aliyeshinda British Open mara 6 kati ya 1896 na 1914. Babu hakulitaja jina hilo hata siku moja. Alijifunza kwa kuangalia, mkoba ukiwa begani.

"Mikono itulie," kocha akasema. "Ukienda nyuma, geuza mabega. Ukirudi, kiuno kitangulie, mikono ifuate."

Nikaweka kidole pale babu alipokuwa akikiweka. Kocha akaangalia.

"Huo mshiko umefunzwa na nani?"

"Babu."

"Alikuwa anacheza?"

"Hapana. Alikuwa anabeba."

Nikageuka polepole, nikapiga. Mpira ulipinda kulia, ukaingia nyasi ndefu. Lakini uliruka. Babu alizikwa bila kupiga hata mmoja. Nikaomba mwingine.