Mti Ule Una Wenyewe

Bibi yangu alikuwa na mkuyu kando ya kijito, na sisi wajukuu tulikatazwa kuokota kuni chini yake. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa: "Mti ule una wenyewe." Basi, yameisha. Mimi niliyesoma niliuona ushirikina mtupu. Shamba lilipogawanywa, nilikuwa wa kwanza kusema ukatwe.

Miaka mingi baadaye nikasoma tawasifu ya Wangari Maathai, *Unbowed*, iliyotoka mwaka 2006. Wangari alizaliwa mwaka 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Karibu na kwao palikuwa na mugumo, mti wa jamii ya mkuyu ambao Wakikuyu waliutukuza tangu zamani. Mama yake alimkanya asiokote kuni pale, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Jirani na mti huo palitoka chemchemi, na mtoto Wangari alizoea kuchota mayai ya chura akidhani ni shanga. Kila akijaribu kuyainua ayavae shingoni, yanamponyoka.

Mwaka 1960 alikwenda Marekani, akasomea biolojia. Baadaye alikuta mugumo umekatwa ili kupisha chai, na kijito kimekauka. Wakati huo alikuwa ameshayaelewa maneno ya mama yake. Mizizi ya mugumo huenda chini sana: hushika udongo wa mteremko usiporomoke, na hupenya mwamba hadi kwenye maji, yakapata njia ya kutokea juu.

Kumbe lile katazo lilikuwa elimu ya maji na udongo, iliyofungwa katika maneno machache ambayo hata mtoto angeyashika. Sisi tulitupa maneno, elimu ikaenda nayo. Wangari aliirudisha kwa jembe: mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, akapanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alipofariki mwaka 2011, jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Kijito cha bibi siku hizi hutiririka masika tu. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya mkuyu ule mmoja, ila nimepanda mwingine palepale. Wajukuu wakiniuliza, nitawaeleza habari za mizizi. Wasiponielewa, nitawaambia una wenyewe.